Vejitabo

Kisamvu kikitwangwa kwa jirani, harufu yake mbichi hunirudisha kwenye jamvi la nyumbani kwetu, Njinjo, siku tuliyopata mgeni. Alifanya kazi na Wazungu kwenye gesi, kule Songo Songo, na baba alikuwa akimwomba anichukue nikasome mjini.

Mama alileta ugali na bakuli la samaki wa nazi. Baba akanigeukia kwa fahari.

"Mwanangu, mwambie mjomba wako kwa Kizungu, leo tunakula mboga gani?"

Kwetu kitoweo chochote ni mboga, hata samaki. Na mwalimu alikuwa ametufundisha mboga kwa Kizungu.

"Vejitabo!" nikasema kwa sauti kubwa.

Mgeni alitazama bakuli, akacheka hadi tonge likamdondoka. Baba naye akacheka, tena kumzidi, akimpiga begani.

"Si nilikwambia? Huyu anakijua!"

"Vejitabo ni majani, ndugu yangu," mgeni akasema, akijifuta machozi. "Mchicha, kisamvu. Huyu ni samaki!"

Baba aliendelea kucheka kidogo, kisha kicheko kikamfia mdomoni. Masikio yangu yaliwaka. Sikuona haya kwa kukosea. Niliona haya kumwangalia baba akitafuta pa kuweka macho yake.

Hakuna aliyezungumza tena habari za shule. Baba alinyoosha mkono, akachambua miiba kwenye kipande kikubwa cha samaki, akakisogeza upande wangu.

"Kula mboga, mwanangu," akasema taratibu.