Kibati Juu ya Karata

Mimi Wangwe nimefanya mambo mengi ya kijinga, na mengi nimeyacheka. Hili la mwaka wa sitini na tatu silicheki, na anayetaka kulicheka aende akalichekee kwao.

Nilikuwa nachimba katika mgodi mmoja mdogo upande wa Macalder. Ukishuka shimoni ulichukua kibati chako cha namba. Ukipanda ulikitundika ubaoni. Ubao ukijaa, nyapara anajua watu wote wametoka, na baruti inalipuliwa. Sheria ilikuwa hiyo tu, hata mlevi aliiweza.

Nyuma ya kantini tulicheza poka, mchezo wa karata ambao karani wetu Kerosi aliuleta kutoka Kisumu. Tulishindania maharagwe, lakini Kerosi aliuendesha kama mahakama. Kila mchezaji aliweka kitu kidogo juu ya karata zake: jiwe, kifungo, chochote kisichozifunika zote. Tulikiita kizito. Kizito kikiwepo, bado unacheza. Kisipokuwepo, mgawaji anazizoa karata zako pamoja na zilizotupwa, na huna la kusema. Na kizito cha mwenzako hukigusi hata kwa kidole.

Jumamosi moja nilitoka zamu saa sita mchana, nikapita ubao mbio ili niwahi kiti. Wiki iliyotangulia Kerosi alikuwa amenizolea karata mara mbili, nikachekwa mpaka masikio yakawaka. Safari hii nilipata wafalme watatu. Nikapapasa mfukoni, nikatoa kibati changu, nikakiweka juu yao.

Kerosi alikitazama. "Wangwe, hicho si cha ubaoni?"

"Kizito cha mtu hakiguswi. Si wewe ulisema?"

"Sijakigusa. Nimeuliza."

"Basi umeuliza. Gawa karata."

Wenzetu wakacheka, Kerosi akagawa. Nami nikajiona mjanja kweli.

King'ora kililia. Nikadhani ni cha baruti, tukaendelea. Baadaye nikasikia mwanamke analia upande wa shimo, na sauti ile naijua. Alikuwa Pauline, mke wangu. Nilikimbia na karata mkononi.

Nilimkuta amekaa chini mavumbini, kitambaa kimemtoka kichwani. Aliinua macho akaniona. Akanitazama usoni, akazitazama zile karata, kisha akageukia kando.

Nyapara ndiye aliyenieleza. Namba yangu ilikosekana ubaoni. Hakuna aliyefikiria kunitafuta kantini, maana nani anatoka shimoni na kibati mfukoni? Bichage, aliyechimba bega kwa bega nami miaka minne, alikataa kungoja. Alishuka kunitafuta katika handaki la zamani, lile ambalo paa lake sote tuliliogopa. Paa likaporomoka. Watu walikuwa wanafukua, na tangu paa lile lilipoanguka hakuna aliyemsikia akijibu.

Nikakimbilia ngazi. Nyapara akanishika shati. "Wewe, uliyofanya leo yametosha," akasema.

Nikasimama. Watu waliokuwa karibu nami wakasogea kidogo kidogo, mpaka nikabaki peke yangu mahali peupe. Niliona aibu ambayo sikujua mtu anaweza kuiona akabaki amesimama. Nilimwomba Mungu, na hata kumwomba nikaona haya.

Walimtoa Bichage karibu saa tisa. Mkono wa kushoto ulining'inia, umevunjika, na uso wote ulikuwa vumbi tupu. Aliponiona alicheka, jamani, alicheka kwa furaha, akanishika kwa ule mkono mzima.

"Wangwe. Kumbe ulipata njia ukatoka."

Kerosi alikuwa anatazama viatu vyake.

"Niliita sana, ndugu yangu," Bichage akasema. "Nilikuita mpaka sauti ikakauka. Ulikuwa upande gani, hata usinisikie?"

Ningeweza kudanganya. Pauline alikuwa ananitazama.

"Nilikuwa kantini," nikasema. "Nacheza karata."

Alidhani namtania, akaendelea kutabasamu kidogo. Kisha akaniachia mkono.