Kiganja Kilichonyamaza

Gereji nzima walimwita Kiganja, na jina hilo dada huyu hakupewa bure. Wenzake wakishajaza puti pale gari lilipobonyea na kuisugua kwa msasa, hukodoa macho na kubishana. Yeye hufumba macho, akapitisha kiganja cha kushoto polepole juu ya bodi, kisha husema, "Hapa pana bonde." Wanaume wazima na ndevu zao hurudi kusugua. Vumbi la puti hulidanganya jicho. Rangi ikishapulizwa, bonde hujitokeza mchana kweupe, mwenye gari akiwa amesimama pale pale.

Asubuhi hiyo alipitisha kiganja juu ya mlango wa gari jeupe, asihisi kitu. Akajifuta kwenye ovaroli, akarudia. Wapi! Mkono anauona, ni wake, lakini ulikuwa kama umevaa glovu nene.

"Vipi, nipulize?" msimamizi akauliza, pampu ya rangi mkononi.

"Ngoja kidogo."

"Dada leo ana maringo," fundi wa kunyoosha bodi akatania.

Akacheka nao ili wasimshtukie, huku jasho jembamba likimtoka. Akajaribu mkono wa kulia, lakini ule wa kushikia msasa ulikuwa sugu tupu. Watu wa kusugua walikuwa tele pale. Wa kuhisi alikuwa yeye peke yake. Bila kiganja hicho wangemweka kwa kazi gani?

"Panafaa," akasema.

Alingoja rangi ikauke, roho juu juu. Mlango ukatoka laini, msimamizi akamsifu, naye badala ya kushukuru akazidi kuogopa. Alikuwa amebahatisha, na kesho ingembidi abahatishe tena.

Jioni aliporudi nyumbani alimkuta mwanawe mdogo amelala kitandani, kimya kuliko kawaida. Mama mkwe alikuwa akichochea jiko uani.

"Hebu mguse huyo," akaita. "Amegoma kula tangu mchana."

Akaweka kiganja cha kushoto kwenye paji la uso, kisha shingoni, kama alivyozoea. Si joto, si baridi. Hofu ya asubuhi ikampanda upya, na ulimi ukakimbilia uongo ule ule.

"Hana homa, mama. Amechoka tu."

Mama mkwe akaingia akijifuta mikono, akamgusa mtoto. Akageuka.

"Mtoto anaungua huyu. Wewe umemgusa kweli?"

"Nimemgusa."

"Sasa?"

Akamnyooshea mkono, machozi yakimlengalenga. Mama mkwe akaufinya, akakaza, mpaka kucha zikaacha alama.

"Unasikia?"

"Bado."

Yule mama akaacha kufinya. Uso ulimbadilika, akavuta mtandio wake ukutani.

"Twende hospitali, nyote wawili. Mbebe mgonjwa mwenzio."

Akainama kitandani, akatanguliza mikono, halafu akairudisha.

"Mbebe wewe, mama. Mimi naogopa kumwangusha."