Rulma Kumi na Nne za Pampu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa penseli. Shefu wa ghala, mzee mrefu aliyevaa koti la buluu lililopigwa pasi, alinisimamisha mbele ya rafu za vipuri kule kiwanda cha shaba cha Shituru, akaniambia kwamba kalamu ya wino ningepata baada ya miezi sita, nikishajua kuhesabu. Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka. Asubuhi ile nilihesabu boliti za sanduku moja mara nne, na mara zote nne nikapata jibu tofauti. Alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote.

"Usiniambie unawaza iko ngapi," alisema mwishowe. "Niambie iko ngapi."

Sisi ghala tunaliita magazini, na mtunzaji wake tunamwita magaziniye. Vijana mnaoianza kazi hii leo huenda hamkuiona fishi. Ilikuwa kadi ngumu iliyoning'inizwa mbele ya kila kitu kwenye rafu, imeandikwa kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, pamoja na sahihi ya mwandishi. Fundi akihitaji kitu alileta bon, yaani karatasi iliyosainiwa na mkubwa wake. Ulimpa kitu, ukaandika kwenye fishi, na ile bon ukaichoma kwenye msumari wa mezani. Mwisho wa mwaka tulifunga milango tukahesabu kila kitu, wawili wawili, mmoja akihesabu na mwingine akiandika. Hakuna aliyeruhusiwa kuhesabu rafu yake mwenyewe.

Nilikaa Shituru miaka kumi na mmoja. Kazi ilipopungua wengi tulirudishwa nyumbani, nami nikaenda kutunza depo ya chakula ya shule moja upande wa Mulungwishi. Mkubwa wangu huko alikuwa mama mchumi wa shule, yaani msimamizi wa mali na matumizi, mpole lakini mkali kwa jambo moja: mfuko wa unga ulioingia kwanza ndio utoke kwanza, na mfuko mpya usiwekwe juu ya wa zamani hata siku moja. Nadhani hapo ndipo nilipoipenda kazi kuliko mahali pengine popote. Niliondoka kwa sababu wanangu walikuwa wamekua na mke wangu alitaka tuwe karibu nao mjini.

Hivyo nikafika mahali pangu pa mwisho, kampuni ya watu binafsi hapa Likasi, iliyouzia migodi midogo vipuri na vifaa vya kinga. Hapo nilimkuta Mama Georgette. Alikuwa mdogo wangu kwa miaka zaidi ya ishirini, mjane mwenye watoto watatu, na alikuwa na akili ya rafu: ungemtaja mkanda wa mashine kwa namba yake, angekwambia ulipo bila kuinua kichwa. Yeye alifanya zamu ya asubuhi, mimi ya mchana. Tulipeana kazi saa sita na nusu, mlangoni.

Siku moja Shefu wa kampuni hiyo alituita. Alikuwa amekuja na fundi wa programu kutoka Lubumbashi, mtu mtaratibu aliyetuita Papa na Mama. Fishi na bon zilikuwa zimefika mwisho wake, Shefu akasema. Kuanzia sasa kila kitu kingeingia na kutoka kwa simu moja ya magazini, ambayo tungepokezana zamu kwa zamu. Fundi akatueleza. Programu yenyewe ilikuwa kama ukurasa wa intaneti unaofunguka ndani ya kivinjari cha simu, ila ukiuwekea alama kwenye uso wa simu unafunguka kama programu nyingine yoyote. Unapiga picha ya kile kimraba cheusi na cheupe kilichobandikwa kwenye rafu, unaandika idadi, na anayepokea anasaini kwa kidole juu ya kioo.

Nilimuuliza itakuwaje mtandao ukikatika, maana hapa kwetu hukatika. Akafurahi, kana kwamba alilingojea swali lile. Ukikatika, akasema, programu haisimami. Yote mnayoandika yanakaa ndani ya simu, na mtandao ukirudi yanapanda yenyewe hadi kwenye kompyuta kubwa. Pembeni kuna alama. Ikiwa ya manjano, kuna maandishi yanayongoja. Ikiwa ya kijani, yamefika.

"Mukiona manjano, musifute kitu mu telefone," alisema. "Mukifuta data ya kivinjari, yote yenye ilikuwa inangojea inapotea."

Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu. Sitaki mtu aseme sikuambiwa.

Mwanzoni niliipinga ile simu. Katika mkutano nilisema karatasi haiishiwi na umeme, watu wakacheka, na Shefu akasema labda umri wangu ndio unaosema. Maneno hayo yaliniuma. Aliyenitoa katika aibu ni Mama Georgette. Kwa majuma matatu alibaki nusu saa baada ya zamu yake akanionyesha pa kubonyeza, bila kunifanya mjinga. Baada ya muda Shefu akaanza kunisifu mbele ya wafanyakazi: Papa Banza na miaka yake anaiendesha programu kuliko vijana. Nililipenda neno lile. Nililipenda kupita kiasi.

Msimu wa mvua ule mtandao ulikatika siku tatu mfululizo. Tuliendelea kufanya kazi, na ile alama ikakaa manjano. Mchana wa siku ya tatu lori lilileta mzigo, nami nikatakiwa kupiga picha ya karatasi zake. Simu ikakataa, ikasema imejaa. Dereva alikuwa anasubiri. Niliingia kwenye mipangilio, nikaona mahali palipoandikwa kufuta data, nikabonyeza. Nafasi ikapatikana, picha ikapigwa, dereva akaenda zake. Mtandao uliporudi mchana ule ule nikaifungua programu tena, na ile alama ya manjano haikuwepo. Nikajiambia bila shaka maandishi yamepanda.

Juma lililofuata Shefu alikuja kuhesabu rafu chache bila taarifa. Alifika kwenye rulma za pampu, yaani zile pete za chuma zenye gololi ndani, zinazoufanya mhimili wa pampu uzunguke. Programu ilisema ziko ishirini. Kwenye rafu zilikuwepo sita.

Mama Georgette alisema alizitoa kumi na nne, asubuhi ya pili ya zile siku tatu, akampa mkubwa wa timu ya pampu, naye akasaini. Lakini programu haikuwa na sahihi hiyo. Haikuwa na chochote cha siku zile. Glavu na mikanda iliyotoka siku hizo ilikuwa kwa watu wa hapa mjini, nao wakakiri kupokea. Mkubwa wa timu ya pampu alikuwa amekwenda mgodi wa mbali. Alipopigiwa simu alisema amechukua rulma mara nyingi, hawezi kuapa ni ngapi siku gani.

Shefu akampigia fundi wa Lubumbashi, akaweka sauti tusikie sote.

"Kama telefone haikufutwa, zile habari iko bado ndani," alisema fundi. "Kama ilifutwa, hakuna njia. Kuna mwenye aliifuta?"

Wakati ule ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nililiona lori, dereva, kidole changu. Shefu alitutazama sote wawili.

"Hapana," nikasema.

Mama Georgette alinigeukia. Siku ile ya rulma nilikuwa nimefika mapema, nikamkuta akikabidhi katoni mlangoni. Yeye alilikumbuka hilo.

"Papa Banza, weye uliniona natosha ile karto," alisema, akitaka nishuhudie kwamba aliitoa. "Bambie basi."

Ningeweza kusema yote wakati ule. Nilibakiza miezi minne nistaafu. Niliwaza sherehe, barua ya shukrani, na Shefu aliyenisifu mbele ya watu. Nikajibu, "Karto niliiona. Sikuhesabu."

Lilikuwa neno la kweli, na ndilo lililommaliza. Alisimamishwa kazi siku ile ile. Baada ya majuma mawili mkataba wake ulivunjwa, na kwenye cheti chake cha kazi wakaandika kwamba ameondolewa kwa upotevu wa mali.

Nilistaafu kwa heshima zote. Kulikuwa na vinywaji, na Shefu akatoa hotuba juu ya uaminifu wangu. Nilimshukuru.

Karibu mwaka mmoja baadaye kampuni iliniomba nije asubuhi moja nizungumze na magaziniye wapya. Niliwaeleza habari za fishi, wakasikiliza kwa adabu. Kisha Shefu akasimama kuwaonya. Akawaambia palikuwa na mama mmoja hapa aliyekula rulma kumi na nne akidhani programu haioni. Akamtaja jina. Mmoja wa wale wapya akaliandika kwenye daftari lake.

Hata pale sikusimama. Nilingoja wote watoke, nikamfuata Shefu ofisini kwake, nikamwambia ni mimi niliyeifuta simu. Alisogeza karatasi zake.

"Dosie ya Mama Georgette ilifungwa, Papa," alisema. "Miye ndiye nilitia sahihi. Mwende mupumuzike."

Kesho yake nikaenda Kikula, mtaa wa hapa hapa Likasi. Mama Georgette alikuwa na meza ya unga wa mahindi sokoni. Alinipa kiti cha plastiki, akaulizia afya ya mke wangu, akampimia mteja mmoja unga. Nilimweleza yote tangu mwanzo, nikitazama mikono yangu. Nilipomaliza akasema alikuwa anajua.

"Ile mchana ulinipigia simu kuniuliza mot de passe," alisema. "Ile programu haiombe mot de passe kama muntu hajafuta."

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilimpigia kuuliza neno la siri. Nilimuuliza kwa nini hakulisema hilo mbele ya Shefu.

"Weye ulikuwa mzee wetu. Nani angeniamini? Nikasema, Papa atasema mwenyewe. Nikangojea."

Hakulia wala hakupandisha sauti. Alitoa daftari chini ya meza, akachana karatasi, akanipa kalamu. Aliniomba niandike yote niliyomwambia, na jina langu lote, na sahihi. Nilipomrudishia aliisoma polepole, akaniambia nimesahau kuandika idadi ya rulma. Nikaandika: kumi na nne.

Aliipeleka karatasi ile kwenye kampuni, akaenda mara tano. Kazi hawakumrudishia, maana mahali pake palikuwa na mtu, lakini walimwandikia cheti kipya kisicho na ule mstari. Kwa cheti hicho alipata kutunza depo ya dawa, huko huko Kikula. Katikati ya hayo mwanawe mkubwa alikuwa ameacha masomo ili asaidie nyumbani, naye hakurudi tena shuleni. Hilo karatasi yangu haikulirekebisha.

Vijana huniuliza kama naichukia ile programu. Siichukii. Ilikuwa na alama yake ya manjano, ikaniambia wazi kwamba kuna mambo yanayongoja. Mtandao ukikatika, andikeni pia kwenye daftari. Simu ya magazini iwe ya magazini tu. Na mkifuta kitu, semeni siku ile ile, kabla hajatafutwa wa kulaumiwa. Kukiri kwamba nimeifuta simu kungenigharimu asubuhi moja tu ya aibu. Mimi niliogopa asubuhi hiyo moja.

Tunasali kanisa moja, Mama Georgette nami. Jumapili, watu wakitoka, hunipita karibu na mlango. Huinamisha kichwa kidogo, kama mtu anavyomfanyia mzee, akasema, "Jambo, Papa." Nami humjibu, "Jambo, Mama." Kisha huenda zake na watoto wake, nami hubaki nimesimama hadi wamevuka barabara.