Friji la Sebuleni Lahamia Shambani

Friji langu lilikaa sebuleni, pembeni ya televisheni, limefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma na juu yake maua ya plastiki. Hapa Ifakara hatuweki friji jikoni likaliwa na moshi wakati wageni wanakaa sebuleni na macho yao. Nililinunua mwaka niliothibitishwa kazi ya ualimu, na kwa muda mrefu halikuwapo jambo jingine ndani ya nyumba yangu la kujivunia. Siku mama alipotangaza kwamba mvua za kwanza zikinyesha anahamia shambani kama kawaida yake, nilitazama friji lile nikajua litaondoka. Sikufurahi hata kidogo.

Bondeni kwetu mpunga haulimwi kwa kwenda na kurudi. Mashamba yako mbali, kwenye tambarare inayofunikwa na maji kila mwaka, na msimu ukianza watu hubeba sufuria, mikeka na kuku wakahamia huko hadi mavuno. Mama amehama hivyo tangu akiwa mtoto wa mgongoni. Shamba lake liko mbele ya Michenga, na mimi mwenyewe nilijifunzia kutembea kwenye majaruba yake. Sasa amepita miaka sabini, na ana kisukari cha kuchoma sindano asubuhi na jioni. Dawa ile inataka ubaridi. Muuguzi alimweleza mbele yangu kwamba ikipigwa na joto inaharibika, na mtu anaweza kuendelea kujichoma akidhani anajitibu.

"Basi mwaka huu utapumzika," nikamwambia.

"Nipumzike, nimechoka na nini?"

"Mama, dawa itaharibika huko."

"Na mpunga wangu utaharibikia wapi? Mwanangu, mimi ukiniketisha kwenye makochi haya, sukari haitapata nafasi ya kuniua. Nitakufa kwa kukaa."

Mama ana kichwa kigumu, nami nimekirithi chote. Tulinuniana siku tatu, tukipika kwenye jiko moja bila kuambiana chumvi iko wapi. Siku ya nne nikatoka uani kuwapa kuku pumba, na ndipo nikaiona karavani kana kwamba jana haikuwapo.

Karavani yenyewe ilikuwa nyumba ndogo ya bati jepesi juu ya magurudumu mawili. Wahandisi waliotengeneza barabara ya lami waliishi ndani yake, na kazi ilipokwisha wakaiuza. Niliinunua nikidhani nitafungua duka la daftari na kalamu mbele ya shule, nikaishia kufugia kuku. Nikawaza: mama alale humo, na friji liwe humo humo pamoja naye. Trekta itamvuta yeye na dawa yake mpaka shambani.

Nilimfuata fundi wa friji Kiberege. Alikuja bondeni ujanani kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa, akaoa hapa, akastaafu, na hakurudi kwao tena. Nilitegemea aingie na kuanza kupima. Alivua viatu mlangoni mwa karavani, ingawa sakafu nzima ilikuwa kinyesi cha kuku, akachungulia, akatoka, akaenda kumwamkia mama. Wakakaa kwenye mkeka. Mimi niliyemlipia nauli nilisimama hapo kama mgeni.

"Mama, sindano unachoma saa ngapi?"

"Asubuhi nikiamka, na jioni saa kumi na moja."

"Bega lipi linakuuma?"

Mama akamtazama kwa mshangao. Bega lake la kulia lilikuwa bovu kwa miaka, na hakuwahi kuniambia. Fundi alikuwa ameona tu jinsi alivyoupokea mkono wake. Nilipata wivu pale, naukiri.

Kazi ilichukua karibu wiki, na kila siku nilipata sababu mpya ya kukasirika na kisha sababu mpya ya kunyamaza. Friji lilikuwa pana kuliko mlango wa karavani. Nikasema lilazwe chali lipenyezwe kwa ubavu. Fundi akakataa kwa kichwa tu. Alilivua friji mlango wake, akaivua karavani mlango na fremu, na vile vidole vinne vya upana tulivyokuwa tunavikosa vikapatikana. Likaingia limesimama wima, bila kukwaruzwa. Alipolirudishia mlango, aliuhamishia bawaba upande wa pili, ufunguke kwa mkono wa kushoto. Kisha akapanga rafu ya dawa usawa wa kifua cha mama, asiiname wala asinyanyue bega.

Alilisimamisha juu ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu, ili karavani isiyumbe njiani, akalitengenezea jukwaa la mbao ngumu, na chini ya miguu yake akaweka vipande vya tairi kuukuu ili barabara isilipigepige. Nyuma yake alitoboa ukuta mara mbili, chini na juu, akafunika matundu kwa wavu wa mbu. "Friji linapumulia mgongoni, mwalimu," akanieleza. "Ukilibana ukutani, linajipika lenyewe." Juu ya paa alifunga paneli za sola, na chini ya kitanda betri na invata, kile kisanduku cha kugeuza umeme wa betri uwe wa friji. Mwisho akafunga komeo mlangoni mwa friji, kwa ajili ya safari.

"Mbona mambo mengi hivi kwa friji moja?" nikamuuliza.

"Friji la nyumbani linajua kukaa tu. Tunalifundisha kusafiri."

Trekta ilituvuta mwezi wa kumi na mbili, kabla ardhi haijalowa. Fundi alifuata nyuma kwa bodaboda, macho kwenye magurudumu. Tulipofika aliweka sahani ya maji juu ya friji, akapandisha na kushusha jeki hadi maji yakatulia sawasawa pande zote. Nikanyoosha mkono kuliwasha. Akanizuia: litulie kwanza hadi kesho, mafuta yarudi kwenye mota yake. Mama akacheka, akasema hatimaye amepatikana mtu wa kunikataza kitu. Ndani ya friji fundi alitundika kipimajoto kidogo chenye mstari mwekundu, na akamwonyesha mama kwamba mshale usivuke hapo, na dawa isigusane na barafu pia, kwa sababu ikiganda imekufa vilevile.

Wiki tatu baadaye nilikwenda kumtembelea. Sikuamini nilichokiona. Kwetu shambani hakuna kitu cha mtu mmoja. Ukiwa na jembe la ziada, ni la jirani. Ukiwa na moto, wote wanakuja kuchukua kaa. Sasa kulikuwa na friji, na mama hajui kumwambia mtu hapana. Nikakuta kambale wamejikunja rafu ya juu, maziwa ya jirani Msukuma kwenye kidumu, vifuko vya barafu vya watoto wa eneo zima, na dawa ya mama imebanwa mlangoni kama abiria aliyechelewa. Watu waliingia na kutoka, kila mmoja akifungua. Mshale ulikuwa umeuvuka mstari mwekundu.

Hasira hasara, najua, nawafundisha watoto kila mwaka. Niliwatoa kambale wale mmoja mmoja nikawatupa nje kwenye majani, mbele ya mwenyewe, mvuvi mmoja mtu mzima anayekaa ukingoni mwa shamba letu.

"Hili ni friji la dawa, siyo soko la samaki!"

Mvuvi aliwaokota, akawafuta majani, akasema, "Samahani, mwalimu," akaondoka. Wengine wakamfuata na vitu vyao. Mama alingoja hadi wote wakapotea kwenye mpunga.

"Umenifukuzia watu."

"Nataka uishi, mama."

"Niishi na nani?"

Nikachukua pochi yangu, nikaondoka. Jumamosi iliyofuata nilirudi na dawa mpya, na fundi, na kufuli kubwa kwenye pochi. Nikampa fundi lile kufuli alifunge kwenye friji, ufunguo akae nao mama. Akaligeuzageuza mkononi, akanirudishia. Kisha akatembea kwa miguu kwenda kwa jirani mmoja baada ya mwingine, na nusu ya siku ikapita sijui anafanya nini.

Walipokuja naye kila mmoja alishika chupa ya maji, zile za plastiki, imejazwa na kufungwa vizuri. Mvuvi alikuwa ameifunga yake kipande cha wavu shingoni. Msukuma aliichorea yake pembe za ng'ombe kwa mkaa. Mama mmoja wa kwaya alikuwa amebandika msalaba wa karatasi. Fundi alizipanga mwenyewe, nyingine kwenye barafu juu, nyingine rafu za chini, na katikati akaiachia dawa chumba chake.

"Hizi ni zenu," akawaambia. "Zikishaingia hazitoki. Kila mtu ana chake humu, na hakuna mwenye sababu ya kufungua."

Akanigeukia. "Friji tupu limejaa hewa, na hewa ukifungua mlango imekimbia. Maji yakishapoa, yanakaa. Mwalimu, nawe lete yako."

"Friji zima ni langu," nikamjibu. "Chupa ya nini tena?"

Hakunibembeleza. Tukarudi mjini, na moyoni nilisema mzee huyu ni hodari wa bisibisi, lakini hapo amecheza tu kitoto.

Mwezi wa nne masika yalifunga. Mawingu yalikaa juu ya bonde siku baada ya siku, jua halikuonekana hata kwa kuibia, na barabara ya kwenda shambani ikawa maji. Mama huwa anapanda kwenye dungu, lile jukwaa la miti la kuamia ndege wasile mpunga, ndipo simu yake inashika mtandao. Siku ya pili hakupiga. Siku ya tatu hakupiga. Simu yake huchajiwa kwa betri zile zile za friji, kwa hiyo ukimya wake ulikuwa na maana moja tu kwangu. Nilisimama darasani nikifundisha ngeli, na kichwani namwona mama akivuta dawa iliyokufa kwenye bomba la sindano. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Siku ya sita niliomba ruhusa, nikabeba dawa nyingine kwenye chupa ya chai yenye barafu. Bodaboda ilinifikisha pale ardhi inapoishia. Nilisimama na viatu mkononi, maji mbele hadi upeo wa macho, na barafu yangu inayeyuka. Kisha nikaona mtumbwi unakuja kwa upondo. Alikuwa ni yule mvuvi.

"Shikamoo," nikasema, na shikamoo yangu ikanitoka nyembamba.

"Marahaba, mwalimu. Mama yako kasema leo hutavumilia, utakuja. Panda."

"Ni mzima?"

"Mzima. Ananisumbua tu."

Sikumwamini. Njia nzima nilijaribu kuomba radhi kuhusu wale kambale, na kila nilipoanza alinionyesha ndege fulani au kina cha maji. Mwisho akanipa chupa yake ya maji ya kunywa, nikanywa yote.

Mama alikuwa ameketi kizingitini mwa karavani anachambua mchicha. Karavani ilisimama imara, sahani ya fundi ingali juu ya friji. Lakini invata ilikuwa kimya, taa zake zote zimezimika. Betri zilikwisha jana asubuhi, mama akasema, kama anayesimulia habari za kuku, na kupiga simu hakuweza tangu maji yalipolizunguka dungu. Nikaruka kwenda kufungua friji.

"Usiguse. Bado saa yake."

"Mama!"

"Saa kumi na moja. Kaa."

Nikakaa. Nilihesabu kila dakika, na mama akamaliza mchicha wake, akanawa, akanyanyuka bila haraka. Akafungua kwa mkono wa kushoto, ule mkono ambao fundi alimfungulia njia. Mshale wa kipimajoto ulikuwa chini ya mstari mwekundu. Kwenye chupa za juu bado kulikuwa na mapande ya barafu yakielea, na zile za chini zilikuwa na ukungu wa baridi. Katikati yake dawa imekaa kimya, na nilipoigusa kichupa chake kilinibaridisha vidole. Mama akaitoa, akafunga upesi, akajichoma sindano, akaniuliza kama nitakula.

Nililia. Nililia kwa ajili ya mama, na kwa yule mzee wa Kiberege niliyedhani amecheza, na kwa aibu. Wale watu niliowafukuza ndio waliokuwa wamesimama humo ndani wakiulinda uhai wa mama yangu, kila mmoja na alama yake. Niliziona zote kwa ule muda mfupi mlango ulipokuwa wazi: wavu, pembe, msalaba, uzi mwekundu, kifungo cha shati. Kwenye friji langu mwenyewe, mimi sikuwamo.

Nikamwomba mvuvi anipe ile chupa yake tupu. Nikaijaza maji ya mtungini. Sikuwa na alama, nikatoa kwenye pochi kalamu yangu nyekundu ya kusahihishia, nikachora alama moja ya vema ubavuni. Nikasogea mlangoni mwa friji, na mvuvi akasema yake inaweza kusogezwa kidogo, nafasi ipo.

Mama akanipokonya chupa. Akaishika shavuni kwake kidogo, kama anavyompima mtoto homa, akaiweka sakafuni.

"Yako bado ina joto, mwanangu. Ukiitia sasa utawaharibia wenzako. Jua litoke kwanza."

Nilikaa shambani siku mbili, nikilingoja jua.