Kuni za Mwaka Ambao Hatutakuwepo

Siku ile naikumbuka kwa moshi wake, mwanangu. Ilikuwa asubuhi ya Januari, katika miaka ya tisini, na nyumba ya Baba Neema ilikuwa imejaa watu waliokuja matanga wakiwa wamevaa makoti. Hakuna aliyelivua lake. Walioketi chumba cha chini karibu na jiko la kuni walikuwa wakikohoa, waliokaa mbali walikuwa wakitetemeka, na kila aliyeingia alipewa chai na kuombwa radhi kwa ajili ya baridi. Baba Neema mwenyewe, aliyefiwa na mama yake, alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko, akipuliza gogo lililokuwa likitoa povu badala ya moto.

Nitakueleza tulifikaje hapo. Najua utanisikiliza kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza, nami nimeshazoea. Wewe sikiliza tu.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu wakati ule, nikipanga chumba kwa Baba Neema na mkewe. Walikuwa watu wa Kimilili, na wote wawili walifanya kazi katika nyumba za kutunzia wazee, mume zamu ya usiku, mke zamu ya mchana, hivi kwamba walikutana mlangoni kama walinzi wanaopokezana. Nyumba yao ilikuwa ya zamani, huko Inver Grove Heights, pale ardhi inapoanza kuteremkia mto Mississippi. Joto lake lote lilitoka kwenye jiko kubwa la chuma lililokuwa chumba cha chini. Ukilisha jiko lile kuni nzuri, unatembea nyumbani bila soksi. Ukilisha kuni mbaya, unalala na kofia.

Mimi nilikuwa mtu wa kuuliza. Niliuliza kwa nini tunaombea chakula kabla ya kukionja. Niliuliza kwa nini wanaume wa kanisani hula kwanza ilhali hawakupika. Baba Neema alinipa jina la Wakili, na siku nikinyamaza mezani alimwambia mkewe, "Angalia kama Wakili hana homa." Alikuwa mcheshi. Nakuambia hili mapema ili usije ukamdhania mtu mkali.

Sasa, kuni za kule si kama za kwetu. Kwetu tawi likianguka, jua linalikausha upesi, unaokota na kupika. Kule mti una maji mengi na kiangazi ni kifupi. Lazima gogo lipasuliwe, vipande vipangwe juu ya mbao visiguse ardhi, vifunikwe juu tu, upepo upite pembeni. Mwaloni, ambao ndio unaotunza moto mpaka asubuhi, hutaka viangazi viwili, pengine vitatu. Kwa hiyo mwenye nyumba wa kule huwa na safu kadhaa uani: moja anayoichoma, nyingine inayofuata, na nyingine ambayo bado ni mbichi kabisa. Kuni utakazochoma leo ni lazima uwe ulizifikiria mwaka juzi.

Baba Neema aliyajua haya yote. Hakuwa mjinga, na watu walikuwa wamemwambia. Lakini kila mwaka alisubiri mpaka Oktoba, majani yanapodondoka, ndipo akanunue kuni kwa wauzaji wa kando ya barabara, ambao humwambia kila mteja kwamba zimekauka. Alizileta, zikafuka moshi, dohani likajaa lami nyeusi, na sisi tukalala na kofia. Ukimuuliza kwa nini asikate kuni mapema, alijibu kwa uchangamfu, "Za nini? Krismasi ijayo tuko nyumbani."

Hakuwa peke yake. Nenda Fridley, nenda Apple Valley, miji ya jirani, nyumba za Wakenya wa wakati ule zote zilikuwa na neno hilo. Watu hawakununua meza nzuri kwa sababu ya Krismasi ijayo. Walilalia magodoro ya chini. Lakini meza unaweza kuishi bila yake; moto huwezi.

Alikuwa amemwahidi mama yake, siku anaondoka, kwamba atasoma, atafanya kazi kidogo, kisha atarudi moja kwa moja. Mama alikuwa mjane na yeye ndiye mwanawe wa pekee. Miaka ikapita, na hakwenda hata kumtembelea, kwa sababu kila akipata nauli aliiweka kwa ajili ya kule kurudi kabisa. Kisha gari linaharibika, au Neema anaumwa, na ile nauli inapata kazi nyingine.

Dhoruba ya Julai moja iliangusha mwaloni mkubwa kwa jirani yetu, mzee wa Kizungu aliyeishi peke yake. Alikuwa na kuni za kumtosha, akamwambia Mama Neema kwamba akitaka auchukue. Mama Neema hakumuuliza mtu. Aliwaita vijana wa kanisani wenye msumeno, magogo yakaviringishwa mpaka uani kwetu, na kwa siku kadhaa akawa anapasua na kupanga kila akitoka kazini. Nilimsaidia kubeba. Alifanya vizuri, kwani pale kazini alikuwa akimuogesha bibi mmoja aliyekulia shambani, na bibi yule alimweleza namna ya kuweka kila kipande.

Baba Neema alikuwa akiiona ile kazi ikikua. Jioni moja alitoka nje akiwa na sare yake ya kazi, akasimama mbele ya ile safu.

"Hizi ni za nani?"

"Ni zetu."

"Mwaka huu haziwaki hizi."

"Najua."

"Wala mwaka kesho."

Mama Neema aliweka shoka chini. "Baba Neema, mtoto analala na glavu."

"Krismasi ijayo atalala kwa nyanya yake bila hata blanketi."

Nami nikauliza, kama nilivyokuwa nikiuliza kila kitu, "Na ile iliyopita, si ulisema hivyo hivyo?"

Hakuniita Wakili. Aliongea kwa upole ulionitisha zaidi ya hasira. "Wewe mtoto, mama yangu yu hai. Kila nikipiga simu ananiuliza nakuja lini. Nikipanga kuni za mwaka wa tatu, nitakuwa nimemwambia asiningoje."

"Mwambie unakwenda kumwona," Mama Neema akasema. "Kwenda na kurudi. Nauli ya kwenda na kurudi tunayo sasa hivi."

"Siendi kwa mama yangu kama mgeni."

Akaingia kwenye gari, akaenda zamu. Mama Neema akamaliza kupanga, akafunika, na tangu siku hiyo mumewe alizipita zile kuni kama mtu anavyopita uzio wa jirani. Oktoba akanunua zake kando ya barabara.

Simu ya Januari ilipigwa na binamu yake. Mama alikuwa ameugua malaria siku chache tu. Baba Neema alisikiliza, akasema "ndiyo" mara nyingi, akaweka simu, kisha akashuka chumba cha chini kuchochea moto kwa sababu alijua watu watakuja.

Nao wakaja, kama watu wetu wanavyokuja, na masufuria ya pilau na mikate na vitabu vya nyimbo. Huo ndio moshi niliokuambia. Mzee mmoja wa kanisa, aliyeona ile safu nzuri uani imefunikwa theluji, alitoka akarudi amekumbatia vipande kadhaa, akauliza mbona tunateseka na kuni zipo. Mama Neema akamwambia taratibu kwamba hizo bado. Mzee hakuelewa, akatia kimoja jikoni. Kilipiga mluzi, kikatoa maji kwenye ncha, kikalala bila kuwaka. Baba Neema akakitazama. Sijawahi kuona mtu akitazama kipande cha kuni namna ile. Kisha akalia, na watu wakaanza wimbo ili kumsitiri.

Walimchangia, akaenda kuzika. Alikaa kwao wiki mbili. Akarudi.

Theluji ilipoyeyuka, nilimsikia uani asubuhi moja, ametoka zamu na hajalala. Alikuwa akipasua magogo. Alikuwa ameleta mengine, sijui kutoka wapi, na aliendelea hivyo wiki baada ya wiki mpaka uani kukawa na safu tatu zilizonyooka, kila moja na kifuniko chake. Hakuomba msaada. Hakutania. Mwaka ule hakutaja Krismasi, wala mwaka uliofuata, wala tena.

Nilidhani Mama Neema angefurahi. Siku moja nilimkuta amesimama dirishani, akimwangalia mumewe akipanga, na nikamwambia kwamba hatimaye amepata alichotaka. Alifuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Nilitaka apange kuni, Rehema," aliniambia. "Sikutaka aache kutamani kwetu."

Nilikaa nao mpaka nikamaliza chuo. Nyumba ile ikawa na joto jingi. Neema akalala na gauni jepesi. Na mezani hapakuwa na mtu wa kuuliza kama nina homa.

Mwanangu, bado mimi ni yule yule wa kuuliza, na sipendi kutoa mausia nisiyoyaamini. Nimelizungusha jambo hili kichwani miaka mingi. Wengine watakuambia kosa lake lilikuwa kuota ndoto ya kurudi. Mimi sisemi hivyo. Kosa lilikuwa kuamini kwamba mtu huchagua kimoja tu: ama uote moto wa ugenini, ama umpende mama aliye nyumbani. Kwa kuamini hivyo alikosa vyote viwili. Nyumba ikawa baridi, na mama akafa bila kumwona.

Kwa hiyo hapo unapoishi, ishi kweli. Pasua kuni za mwaka ambao unaapa hutakuwepo. Ukiondoka, atakayekuja ataota moto wake na atakushukuru. Hilo halimsaliti mtu. Na wale waliobaki nyuma usiwasubirishe mpaka siku ya kurudi kabisa, maana siku hiyo hakuna aliyeiona kwenye kalenda. Nenda hata kama ni kwa wiki mbili. Nenda kama mgeni, ukiwa na tikiti ya kurudi mfukoni, ulale sebuleni, upewe kikombe cha wageni. Mama hatakihesabu kikombe; atakutazama wewe tu.

Mungu akupe moto usiofuka popote utakapolala. Akupe moyo wa kutamani kwenu hata ukishatulia ugenini. Na wanaokungoja, awaweke na nguvu za kutosha kusimama, kuja mlangoni na kukufungulia wenyewe.