Mulhaq wa Nasriya

Kila siku baada ya sala ya alasiri, Bi Thuwaiba huegemezwa mito mgongoni, hupewa chai yake ya zaatari, kisha humwambia binti yake awashe TV, wawatazame wale Waingereza wanaotafuta nyumba. Kipindi hicho hakibadiliki. Mke na mume wa makamo wamechoka na mji, wanataka kuhamia shamba, na mtangazaji aliyevaa viatu vya mvua anawazungusha nyumba hii na ile. Wanafungua makabati, wanagonga kuta, wanasifia bustani, na mwisho wa yote wanasema watafikiria. Nasriya hukaa chini ubavuni mwa kitanda akimfasiria mama yake maneno. Na kila siku, kabla hao watu hawajaingia hata nyumba ya pili, Bi Thuwaiba huuliza swali lake.

"Na mama zao hawa wamewaacha wapi?"

"Hawakusema, Mama. Labda wameshakufa."

"Wote? Kila siku wafiwa tu?"

Msimcheke bibi wa watu. Bi Thuwaiba anawajua Waingereza wa televisheni kuliko wengi wetu. Alitoka Unguja kuja Maskati Nasriya akiwa wa kubebwa, na miaka michache baadaye nyumba zikawa zikipitishiana kanda za video mpaka zinakwaruzika, na ndani ya kanda hizo mlikuwa na majumba makubwa ya Kiingereza: bwana, bibi, watoto, wapishi chini, na daima shangazi mmoja asiye na mume, mwenye kiti chake karibu na moto. Bi Thuwaiba aliwaelewa mara moja. Nyumba za namna hiyo alizijua kwao, isipokuwa moto. Miaka ikapita, naye akaona kwa macho yake majumba yale yanavyopukutika. Kwanza wakatoka wapishi, wakafuata watoto, kisha wake wakawaacha waume, na sasa Muingereza wa kwenye kioo amebaki na mbwa wake anatafuta nyumba yenye bustani.

Sisi tuliokuwa tukiwasikitikia tukawafuata nyuma. Familia zilizokuwa zikikaa pamoja, sinia moja na kelele moja, zimegawanyika kila mtu na nyumba yake Mabela, pembezoni mwa Maskati, na kila nyumba lazima ifanane na ya kwenye TV. Shurooq, mke wa Badr, ana jiko lenye meza ya katikati, ile ambayo Waingereza huiita kisiwa. Ni jiwe jeupe, linang'aa, na juu yake hakijawahi kukatwa kitunguu. Wali unapikwa jiko la nje, uani, kama ulivyopikwa siku zote. Kisiwa kazi yake kupigwa picha.

Badr ni mdogo wake Nasriya, na wako wawili tu. Nasriya anafanya kazi maabara ya hospitali, anapima damu za watu, na sasa ana miaka hamsini na moja. Aliolewa zamani, ndoa ikamshinda kabla udi wa harusi haujatoka nguoni, akarudi kwenye chumba chake cha usichana katika nyumba ya wazazi, mtaa wa Mawaleh. Baba yao alipofariki, Badr alikuwa na mke na watoto, kwa hiyo mambo yakajipanga yenyewe. Nani atampeleka Mama hospitali? Nasriya yupo. Nani atalala nyumbani wengine wakienda Umra? Nasriya yupo. Hakuna aliyemlazimisha wala aliyemuuliza. Aliambiwa yupo mpaka akaanza kujiona kama kabati la nyumba.

Ndiyo maana kipindi kile alikipenda kuliko mama yake, ila hakusema. Walipoonyesha jiko dogo lenye sinki jeupe chini ya dirisha, roho yake ilikuwa ikitoka ikaenda kusimama pale. Mara moja moja alijisahau akasema, "Tazama dirisha hilo, Badr," kaka yake akiwa amekuja kuwaamkia. Badr alikuwa akitazama, akitikisa kichwa, na kumbe akiyaweka.

Tangu kabla ya Ramadhani, Hajar, mwenzake wa maabara, alimwambia kuwa atamfuata mumewe Salala na kuiacha fleti yake ya Madinat Sultan Qaboos. Nasriya akaenda kuiona. Vyumba viwili juu ya duka la maua, jiko la kugeukia, dirisha linalotazama mti wa mwarobaini. Hajar alimpa ufunguo afungue mwenyewe. Nasriya alifungua, akaingia, akafunga, akasimama nyuma ya mlango bila kufanya lolote, na machozi yakamlenga kwa furaha asiyoweza kumweleza mtu. Mwenye nyumba hakupenda kumpangisha mwanamke peke yake, lakini Hajar alimdhamini, naye akakubali kusubiri.

Nasriya hakuwa na nia ya kumtupa mama yake, Mungu apishe mbali. Nyumba ya Mawaleh ilikuwa imeshapata mnunuzi, na tangu soko la mboga lihamishwe, mtaa wenyewe ulikuwa umepoa. Badr alishasema Mama atahamia kwake Mabela baada ya Idi, na chumba chake kiko tayari. Nasriya alipanga kwenda huko kila siku akitoka kazini, amwogeshe, amlishe, wawatazame Waingereza wao pamoja. Ila jioni ikifika, awe na mlango wa kuufunga. Haya yote aliyazungumza na Hajar kwa simu, jikoni, maji yakimwagika bombani ili sauti isifike mbali.

Idi ikapita. Mwenye fleti akasema anataka jibu Jumamosi, zaidi ya hapo ana wapangaji wengine. Nasriya akaamua kumwambia kaka yake Ijumaa, watu wakishashiba. Badr alikuja Mawaleh na familia yake, biriani ikaliwa, mikono ikanawiwa.

"Badr, nna jambo nataka tuzungumze."

"Na mimi nna jambo, Dada. Langu kwanza. Twendeni Mabela, na Mama tumchukue."

Walipofika, Noof, binti wa Badr, alikwisha kuinua simu anarekodi. "Shangazi, usitazame," akasema, na Shurooq akamfunga Nasriya macho kwa mtandio wa Bi Thuwaiba. Zamani nyumba mpya ilitanguliziwa Msahafu na chumvi, ukafukizwa udi, watu wakasoma na kula. Siku hizi kuna kile kipindi kingine cha Waingereza, ambacho ndugu na majirani wanamtoa mtu nyumbani, wanamjengea upya kwa siri, kisha wanamrudisha amefungwa macho. Naye lazima alie. Asipolia, kamera inamsogelea mpaka alie. Nyumba ngapi za Mabela zimeingiwa hivyo, wenyewe mnajua.

Mtandio ukafunguliwa. Nasriya akajikuta katikati ya jiko dogo la Kiingereza. Sinki jeupe la kauri chini ya dirisha. Makabati ya rangi ya majani makavu. Nje ya dirisha, kijiukuta cha mawe na asmini iliyopandwa juzi. Upande wa pili kitanda, kiti cha kusomea, zulia. Badr alikuwa amemjengea mulhaq, kile kijumba cha ubavuni kinachoegemea nyumba kubwa, na kila alichokisifia Nasriya kwenye TV miaka yote ile kilikuwa ndani yake. Mgala muue na haki yake mpe: ni ndugu wangapi wanaosikiliza hivyo?

"Dada, useme kitu," Badr akasema.

Nasriya alikuwa akitafuta mlango. Alifungua mmoja, ukawa wa choo. Akafungua wa pili, ukawa wa kabati la nguo. Akafungua wa mwisho, na mbele yake kikatokea chumba kipya cha mama yake, kitanda kimeshatandikwa, mito imepangwa, na TV ukutani.

"Mlango wa nje uko wapi?"

"Wa nini?" Badr akacheka kwa mapenzi. "Unapita kwa Mama, unapita sebuleni, khalas, umeshatoka. Sote tunakuona."

Nasriya akalitazama dirisha. Lilikuwa na nondo za maua, zimepakwa rangi nyeupe. Hapo ndipo alipolia, akalia kwa kwikwi, mikono usoni, na Shurooq naye akalia, na Badr akamkumbatia dada yake, na Noof akasogea na simu yake ili asikose hata chozi moja. Wakapiga makofi. Jambo lake hakuna aliyelikumbuka tena, na yeye asingeliweza kulisema akiwa kifuani kwa kaka yake.

Kufika magharibi, video ilikuwa imeshazunguka ukoo mzima. Dubai walituma mioyo. Unguja waliandika mashallah, kila nyumba ingekuwa na kaka kama huyu. Mtoto wa mjomba wao aliye Portsmouth, mtu mzima, aliandika kwamba yeye huku anakaa peke yake na paka, hivyo Nasriya amshukuru Mungu. Nasriya alisoma yote. Alijiona ametiwa ndani, na kila aliyempenda ameshika ufunguo.

Jumamosi baada ya alasiri walikuwa wawili tu, Mawaleh, makartoni yamepangwa ukutani. Mtangazaji wa viatu vya mvua alikuwa akiwaingiza watu wake nyumba ya kwanza. Simu ikalia mapajani mwa Nasriya: Hajar ameandika, mwenye fleti anauliza.

"Huyo Hajar?" Bi Thuwaiba akauliza, macho kwenye TV.

Nasriya akageuka. Jina la Hajar hakuwahi kulitaja mbele ya mama yake.

"Nlikusikia, mwanangu. Siku ile jikoni, umeyafungulia maji. Miguu ndiyo ilokufa, masikio bado." Akanywa chai kidogo. "Badr pale alikuwa anajenga stoo. Mimi ndo nlomwambia akujengee wewe. Na mlango, nlimwambia autie kwangu."

"Kwa nini, Mama?"

"Nliogopa."

Hasira zilimpanda Nasriya mpaka masikio yakamlia. Alitaka kusema maneno ya miaka ishirini, na yote yalikuwa tayari, yamekaa mstari. Alimtazama mama yake amtupie la kwanza, akaona kidevu kinatetemeka.

"Basi kama unataka kwenda, nenda," Bi Thuwaiba akasema. "Radhi zangu unazo. Mimi sikuzuii."

Alisema kweli, na Nasriya aliijua kweli ya mama yake. Lakini mkono wa kizee ulikuwa umekamata pindo la dishidasha, gauni refu alilovaa Nasriya, umelikunja ndani ya ngumi, na mwenye mkono hakuwa na habari nao. Nasriya akalivuta pindo taratibu. Ngumi ikakaza.

Akachukua simu kwa mkono mwengine, akamwandikia Hajar kuwa fleti wampe mtu mwengine, akaigeuza kifudifudi sakafuni.

Kwenye TV walishafika nyumba ya pili. Mke alikuwa amesimama kwenye sinki, anatazama nje dirishani, anasema hapa angeweza kuishi. Nasriya akamfasiria mama yake maneno hayo. Akasubiri. Bi Thuwaiba alikunywa chai yake yote, akamrudishia kikombe, na siku hiyo hakuuliza mama zao wamewaacha wapi.