Mama Malimi na Herufi Iliyomkataa

Ng'washi, ambaye mtaa mzima wa Mabatini humwita Mama Malimi, amekaanga mapanki kwa miaka kumi na tisa. Panki ni kile kinachobaki sangara akishatolewa minofu kiwandani: kichwa, mgongo, mkia, na nyama kidogo iliyoponea kisu. Mezani kwake panki la jana halijawahi kuitwa la leo. Mteja akiuliza huambiwa ukweli, hata kama ukweli huo utamfukuza. Watu wa namna hiyo wamepungua, na tusijidanganye kwamba wamepungua kwa bahati mbaya.

Alipotimiza miaka arobaini na saba alijiandikisha chuoni kusomea stashahada ya maendeleo ya jamii.

"Makubwa! Sasa utakaanga kwa nadharia?" alimtania Tereza, jirani yake wa meza.

"Nataka kujua nani aliyetupangia mifupa," alijibu, akaendelea kugeuza panki.

Muhula wa pili ulimkuta pabaya. Jaribio la kwanza lilimpita akimuuguza mwanawe Malimi, na katika zoezi lililofuata alipata alama nne kati ya ishirini. Likabaki wasilisho moja mbele ya darasa: nadharia zinazoeleza kwa nini watu hawako sawa katika jamii. Akishindwa hapo, haruhusiwi kufanya mtihani wa mwisho, na mwaka mzima umekwenda na maji.

Nadharia hazikumtisha. Kilichomtisha ni herufi moja. Ulimi wake, uliolelewa kwa Kisukuma, haukupatana na r, na vijana wa darasani walikwisha kuifanya kasoro hiyo kuwa burudani yao.

Siku ilipofika alisimama mbele bila karatasi, akachora samaki ubaoni.

"Sangala mmoja," alianza.

Vicheko vikapita chini kwa chini. Madam Dorcas, mwalimu wao, aligonga meza. Kwa umri ni mdogo sana kwake. Kwenye korido humwamkia shikamoo, lakini darasani humpima kama wengine.

"Nyama yake inapanda ndege kwenda Ulaya," Mama Malimi aliendelea. "Bondo lake, kile kifuko cha hewa tumboni, linakwenda China. Kichwa na mifupa vinakuja Mabatini. Samaki ni huyo huyo, maji ni hayo hayo. Nadhalia ya kwanza inasema jamii ni kama mwili, kila kiungo na kazi yake. Kazi ngumu na ya muhimu hulipwa zaidi, ili wenye vipaji waikimbilie. Ya pili inasema hapana: wenye viwanda hujikatia minofu kwanza, kisha wanatuaminisha kwamba mifupa ndiyo saizi yetu."

Akainua kidole cha tatu.

"Ya tatu inasema mali peke yake haielezi yote. Kuna heshima, na kuna mamlaka. Kwenye kamati inayogawa zamu za kununua panki kiwandani, sisi wakaangaji hatuna kula."

"Hamna kula?" alidakia Lukman, kijana wa benchi la nyuma mwenye mdomo mwepesi. "Mama, na mapanki yote yale?"

Darasa zima likaangua kicheko. Kwa Mama Malimi, kukaa chini kungekuwa rahisi. Badala yake aligeuka, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: KURA. Chini yake akaandika: KULA. Akayatazama maneno hayo mawili kama mtu aliyeyaona kwa mara ya kwanza.

"Mwanangu Lukman, ulimi wangu hauna hiyo helufi, mkono unayo. Nilikusudia hilo la juu. Lakini asante, umenifundishia. Miaka mitatu iliyopita kamati ilikaa bila sisi, ikampa mtu mmoja zamu zote. Wiki mbili meza zetu zilikaa tupu. Tulikosa la juu, tukakosa na la chini. Matamshi yangu ni mabaya, ndiyo. Lakini hayo mawili sijayachanganya mimi."



"Samahani, mama," alisema Lukman.

"Usijali. Uliuliza vizuli."

Madam Dorcas aliinua kalamu. "Na nadharia ya kwanza, unaitupa?"

Vijana walimtazama wakitaka aitupe. Angeitupa wangempigia makofi.

"Siitupi, madam. Daktali aliyemtibu Malimi alisoma miaka mingi. Akilipwa kunishinda silalamiki. Ila nadhalia hiyo haielezi kwa nini mtoto wa daktali anaanzia ngazi ya tatu, na wangu chini kabisa, na wote wawili hawajafanya kazi yoyote bado."

Kumpa haki yake usiyekubaliana naye, pale ambapo kelele zingetosha kumwangusha: wasomi wangapi wenye majoho wanaliweza hilo?

Madam Dorcas aliandika, akajumlisha.

"Ishirini na tisa kati ya arobaini. Umevuka muda kwa dakika sita, nimekata alama tatu. Mtihani utafanya, mama."

Mama Malimi alishusha pumzi.

"Ni haki, madam. Hizo dakika nimezila za mwenzangu anayefuata."

Akaketi, akafungua daftari kumsikiliza mwenzake huyo.